Mkono wa Salamu

Vidole vya mkono wa kulia wa Kanze havikuwa vikifunguka asubuhi bila maji ya moto. Jemima, bintiye wa pekee, alikuwa amechutama mbele ya kitanda na beseni katikati ya magoti, ameuzamisha ule mkono majini, anasubiri. Ngumi ililegea polepole. Akakiinua kidole cha mwisho, akakizuia kwa gumba lake, akakiinua kinachofuata, na harufu ya jasho lililolala ikatoka kiganjani. Kucha zilikuwa zimeanza tena kuchimba nyama. Jemima akazikata kwa wembe, kidogo kidogo, na Kanze akatazama kama mtu anayetazama kucha za jirani zikikatwa.

"Unauma?"

Kanze akatikisa kichwa. Haukuwa ukiuma. Tangu kiharusi kimwangushe chini ya kamba ya kuanikia nguo, mkono ule haukuwa na maumivu wala raha. Ulikuwapo tu. Ulilala ubavuni mwake siku nzima, na ukiguswa ghafla ulijikunja wenyewe na kukamata chochote kilicho karibu. Siku moja ulikamata nywele za Jemima, na ikabidi Mwanarusi, jirani wa ukuta mmoja, aitwe kuja kuubandua. Walicheka sana siku hiyo. Ugonjwa ulikuwa bado mpya, na mambo mapya huchekesha.

"Leo utavaa dera hili," Jemima akasema, akalitandaza dera la kupikia, lililochanika kwapani.

Kanze akalitazama. Kisha kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akaonyesha sanduku. Leso zake nzuri zilikuwa humo.

"Mama, hatwendi harusini. Tunakwenda kuonekana tulivyo."

Kanze akaendelea kuonyesha sanduku. Alikuwa amefua mashuka ya hoteli moja ya Diani tangu ujana wake mpaka mvi zikamtoka, na hajawahi kutoka mlangoni kwake na nguo iliyochanika. Jemima akashusha pumzi. Akafungua sanduku, akatoa leso, akamfunga juu ya lile dera bovu. Walipatana hivyo, nusu kwa nusu.

Mwanarusi alikuwa ameegemea mlango, kikombe cha chai mkononi. "Mfunge vizuri," akasema. "Mgonjwa akienda hovyo watasema kwao hakuna watu."

"Na akienda vizuri watasema si mgonjwa."

"Hilo nalo neno," Mwanarusi akakubali, akanywa chai yake.

Pale Kombani kila mtu alikuwa akilijua jambo lenyewe. Mradi wa wazee ulikuwa unakuja kliniki kufanya tathmini. Wangewapima waliopooza, mmoja mmoja, waone nani anajiweza na nani hajiwezi, na asiyejiweza kabisa angepewa mhudumu wa kuja nyumbani kila siku ya kazi, kumwogesha, kumlisha na kumnyoosha viungo. Nafasi zilikuwa chache, na hakuna aliyeambiwa ni ngapi. Jemima alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli ileile aliyofulia mamake, akaacha ili amuuguze. Sasa msimu wa wageni ulikuwa unakaribia, na msimamizi wake alikuwa amempigia simu, akamwambia arudi, na kwamba hatapiga tena. Kaka yake, Kalama, alikuwa Nairobi, na huko Nairobi simu yake haikupatikana tangu Pasaka. Basi ilikuwa ama mhudumu apatikane na Jemima arudi hotelini, awe anatoka asubuhi na kurudi jioni, ama aufuate ule mlango mwingine, wa wakala wa Kona ya Musa anayepeleka wasichana Arabuni. Jemima hakuutaja mlango huo mbele ya mamake. Lakini nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na kiharusi hakikugusa masikio ya Kanze. Simu zote alizisikia.

Kiharusi kilichukua maneno yake. Wala hakikuyachukua yote, na afadhali kingeyachukua yote. Akitaka maji, neno maji lilikuwa haliji. Alilijua, alilikaribia, akifungua kinywa linatoka jingine au hakitoki kitu. Jina la marehemu mumewe, Mramba, lilimchukua asubuhi nzima na likatoka nusu. Lakini salamu, looh! Salamu zilitoka kama zilivyotoka siku zote. Mtu akibisha hodi, Kanze huitika karibu. Akiulizwa hujambo, sijambo. Asante, pole, safari njema, nashukuru Mungu, yote yalikuwapo, tena kwa sauti yake ya zamani. Majirani walikuja kumjulia hali, wakasalimiana naye, wakaridhika, wakaenda zao wakitangaza kwamba Mama Jemima amepona. Na "ndiyo" pia aliachiwa. Ilitoka haraka, atake asitake, hata alipokuwa na maana ya siyo.

"Salamu hazihitaji kutafutwa," Akinyi, fizio wa kliniki, alimweleza Jemima. "Hizo zinatoka zenyewe. Akitaka kusema kitu chake mwenyewe, hapo ndio kuna shida."

Akinyi alikuwa msichana wa bara, mwenye sauti kubwa na mikono ya nguvu, na chumba chake cha mazoezi kilikuwa na kitanda kimoja, ngazi ya mbao isiyokwenda popote na mpira uliopungua upepo. Alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mgonjwa, siku ya kwanza, ni jambo gani moja anataka kuliweza tena. Mmoja alitaka kutembea mpaka msikitini. Mwingine alitaka kujifunga vifungo vya shati. Kanze hakuwa na neno la kujibu. Aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaupeleka mpaka kwenye kiganja cha Akinyi, akauweka hapo.

"Unataka kusalimia?"

"Ndiyo," Kanze akasema, na mara hiyo ilikuwa ndiyo ya kweli.

Kwa kuwa tangu augue alikuwa hatoki. Matanga yalipita, harusi zilipita, hata ibada aliiacha. Mtu atakunyooshea mkono, nawe utampa nini? Wa kushoto? Mama yake, kule upande wa Kinango kwenye vumbi la ng'ombe, alimchapa siku alipompa mgeni kata ya maji kwa mkono wa kushoto, akamwambia heshima si utumwa, na Kanze hakurudia tena maishani mwake. Basi wakaifanya kazi ya salamu, yeye na Akinyi, tangu masika mpaka kiangazi. Bega kwanza. Kisha kiwiko. Akinyi alisimama mbele yake, akanyoosha mkono, akasema, "Hujambo, mama," na Kanze akaupandisha ule wake, unatetemeka, jasho linamchuruzika, mpaka ukafika. Vidole havikujifunza kuachilia. Lakini mkono ulifika, na siku hiyo Akinyi alipiga kelele mpaka watu wa foleni ya sindano wakachungulia.

Wiki ya mwisho kabla ya tathmini, Akinyi huyohuyo akamkalisha kitandani, akamshika magoti.

"Mama, nisikilize. Siku hiyo usijikaze. Usisimame. Mkono uache hapo chini, usiuinue hata akisema nini. Na usiongee. Ukiongea watasikia salamu, watasema uko sawa. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Ndiyo gani hiyo, mama?"

Kanze akamkazia macho, akainamisha kichwa na kukiinua. Alikuwa ameelewa, na alichukia. Miezi yote ile alifundishwa kujikaza kisabuni, leo anafundishwa kuzembea mbele ya watu. Lakini Jemima alikuwa mlangoni, amesimama na mkoba wa dawa begani, anamtazama. Kanze akakubali.

Siku ilipofika, wazee walipangwa kwenye mabenchi ya ukumbi tangu mapema. Wengine waliletwa kwa tuktuk, mmoja kwa mkokoteni. Mzee Charo, ambaye juzi tu alikuwa sokoni akigombana na muuza ndizi, amesimama kwa miguu yake miwili na gongo lake, leo alibebwa na wanawe kwenye mkeka, kinywa kimelegea, mate yanamtoka. Alipopitishwa karibu na Kanze alifungua jicho moja, akalifumba tena.

"Umemwona?" Jemima akanong'ona. "Fanya vivyo hivyo."

Mlangoni kulikuwa na amri. Jamaa wabaki nje, na wafanyakazi wa kliniki nao wabaki nje, asije mtu akamjibia mgonjwa. Jemima akamsukuma mamake mpaka kizingitini kwenye kiti cha magurudumu cha kliniki, akaulaza mkono wa kulia mapajani, akaufunika kwa ncha ya leso.

"Kimya, mama," akamwambia sikioni. "Kimya tu."

Ndani kulikuwa na meza, na nyuma ya meza mwanamume mwenye mvi za pembeni, Daktari Absalom, pamoja na msichana aitwaye Ashley aliyeshika tableti ya kuandikia. Absalom hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alitoka bara, akaishi pwani miaka mingi, na alijivunia kwamba amejifunza adabu za watu wa huku, si kama wenzake wanaomwendea mtu mzima na "mambo" na "sema". Hakumwita Kanze kutoka kule mezani. Alisimama, akaizunguka meza, akainama mbele ya kiti.

"Shikamoo, mama."

Kanze akaufunga mdomo. Akautazama ukuta. Mtu mwenye mvi zake ameinama mbele yake na kumpa shikamoo, na shikamoo ile imelala hapo baina yao, haijaokotwa. Hata mtoto mtundu huitikiwa. Hata hasimu wako, yule usiyetaka kumwona kwa macho, shikamoo yake unaiitikia kwanza ndipo umgeuzie mgongo. Kanze akaubana mdomo kwa meno.

"Shikamoo," Absalom akarudia, kwa upole zaidi.

"Marahaba," Kanze akasema.

Na moja likavuta jingine.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Njema, nashukuru Mungu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na wako?"

Absalom akacheka kwa furaha. "Wangu pia hawajambo, asante. Umeona, Ashley? Hawa ndio watu wa pwani. Mgonjwa, lakini anakuulizia watoto wako."

Huku pwani habari huanza na njema. Maiti iwe imelala ndani haijazikwa, ukiulizwa habari utasema njema, kisha ndipo utasema "ila", na ile ila ndiyo habari yenyewe. Absalom alikuwa amejifunza njema. Ile ila hakuingoja, na kwa Kanze ila ilikuwa mbali, haifikiki. Aliitafuta wakati Absalom anageuka kumwambia Ashley aandike kwamba mgonjwa anaongea vizuri, anaelewa, anauliza maswali. Alikuwa bado anaitafuta, Absalom alipomgeukia tena na kumnyooshea mkono wa kulia.

Mkono uliofunikwa na leso ukaanza kupanda. Kanze aliuona ukipanda. Bega kwanza, kisha kiwiko, kama ulivyofunzwa, unatetemeka, na kipande fulani cha moyo wake, Mungu amsamehe, kilifurahi. Ukafika. Vidole vikakifumba kiganja cha Absalom.

"Aa! Mkono una nguvu huu," Absalom akasema. "Andika: mkono wa kulia, anainua, anashika vizuri."

Akavuta. Mkono haukuachilia. Akavuta tena, akacheka. "Mama hataki niondoke."

"Daktari," Ashley akasema, "naona kama vidole haviachi—"

"Andika, Ashley. Tuna watu wengi nje." Akavibandua mwenyewe, huku akiendelea na swali linalofuata. "Mama, unaoga mwenyewe?"

Lilikuwa swali la aibu, linaulizwa na mwanamume, mbele ya msichana mdogo. Kanze akainamisha macho. Alitaka kusema siyo. Alitaka kusema Jemima.

"Ndiyo."

"Chooni unakwenda mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na kula, unakula mwenyewe?"

"Ndiyo," akasema, na hilo lilikuwa kweli kidogo, kwa kijiko na kwa mkono wa kushoto, mlango umefungwa watu wasione.

Akafungua kinywa. Akatafuta neno moja, lolote, la kuwazuia. "Mi... mi..." akasema, na jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Taratibu, mama, tunamaliza. Simama kidogo, nikuone."

Akinyi naye alikuwa akisema simama, wiki baada ya wiki, na mguu wa Kanze haukumngoja Kanze. Mkono wa kushoto uliikamata meza, goti likakaza, na alipojitambua alikuwa wima, leso yake nzuri imenyooka mpaka chini, imelifunika lile dera bovu lote.

"Hongera!" Absalom akapiga makofi, Ashley naye akapiga kwa kuwa bosi wake amepiga. "Wewe ni mfano, mama. Mimi mama yangu aliondoka hajaweza hata kukaa. Ningempata hivi ningeshukuru."

"Pole," Kanze akamwambia.

"Asante, mama. Asante sana." Na macho yake yalikuwa yamelowa kweli.

Alasiri majina yakasomwa mlangoni. La Mzee Charo lilikuwamo, na wanawe wakampitisha mbiombio kabla hajasahau ugonjwa wake. La Kanze halikuwamo. Jemima akaingia chumbani bila kuitwa. Absalom alikuwa akifunga mkoba.

"Shikamoo, daktari. Mimi ni binti wa Kanze."

"Marahaba. Mama yako anaendelea vizuri sana. Umemtunza."

"Daktari, mama hawezi kuoga. Ninamwogesha mimi. Chooni ninampeleka mimi."

"Yeye amesema anakwenda mwenyewe."

"Husema ndiyo kwa kila kitu. Muulize kama yeye ni mwanamume, atakwambia ndiyo."

Absalom akauweka mkoba mezani. Hakupandisha sauti. "Dada, unataka kuniambia kwamba mama yako ni mwongo?"

Jemima akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Kanze alikuwa pale nje kwenye kiti, pamoja na wazee wengine na jamaa zao, watu wa Kombani wanaojuana wote, wametega masikio.

"Sikusema mwongo," akasema.

"Basi tumeelewana."

"Muulize sasa hivi, mbele yangu. Muulize asubuhi alikula nini."

"Tathmini hairudiwi mbele ya jamaa. Ndiyo kanuni, wala si mimi niliyeiweka. Mwakani tutakuja tena." Akamtazama kwa huruma, huruma ya kweli. "Na tena nimeambiwa lengo lake la mazoezi lilikuwa kusalimia. Amelifikia. Nafasi yake hapa kwenye mazoezi sasa apewe mgonjwa mwingine. Hiyo ni habari njema, dada. Wengi hawafikii."

"Kwa hiyo mazoezi pia basi?"

"Amefuzu," Absalom akasema.

Akinyi alikuwa ukumbini, ameyasikia yote. Alimwendea Kanze, akapiga magoti mbele ya kiti. "Nilikuambia, mama. Si nilikuambia?" Machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa amekasirika, wala haikujulikana amemkasirikia nani.

"Pole," Kanze akamwambia na yeye.

Nyumbani Mwanarusi alikuwa ameshapika uji. Aliisikiliza habari yote amesimama, mwiko mkononi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Haya, mgeni amekuja, na mwenyeji kaponywa kwa nguvu."

"Angenyamaza tu," Jemima akasema. "Neno moja, marahaba. Angelimeza."

"Utaimezaje shikamoo ya mtu? Hata mimi ningeitikia."

Jemima alimlisha mamake uji, kijiko baada ya kijiko, akimpangusa kidevu, na wala hakumtazama usoni. Kanze alimeza. Alikuwa akitarajia kulia. Aliona kwamba ni jambo la kulia. Alingoja, kilio hakikuja, na uji ukaisha.

Msimu wa wageni ukaanza, na katika hoteli vyumba vya Jemima akapewa msichana mwingine. Akinyi alikuja mara moja kwa bodaboda, siku yake ya mapumziko, akaunyoosha ule mkono na kumwonyesha Jemima jinsi ya kuunyoosha. Kisha kliniki ikamkataza kuwafuata majumbani wagonjwa waliokwisha kufuzu. Mkono ukaanza kurudi ulikotoka. Bega lilikumbuka siku mbili tatu, likasahau. Mwanarusi aliona Mzee Charo amekaa kizingitini kwake ananyolewa ndevu na mhudumu, akarudi kusimulia, na hakuna aliyecheka.

Jemima akaenda Kona ya Musa. Wakala, kijana wa Ukunda mwenye kiatu kilichochongoka, alimuuliza ana ujuzi gani, akasema anasafisha vyumba. Wasafishaji tunao tele, wakala akasema, kuna kingine? Akamwambia kwamba amemuuguza mamake. Hapo wakala akaacha kuchezea simu.

"Unajua kumgeuza mgonjwa kitandani?"

"Najua."

"Kumlisha asipaliwe? Kumwogesha akiwa amelala?"

"Najua."

"Umesomea chuo gani?"

"Nyumbani."

"Wewe ndiye tunayekutafuta," wakala akasema. Kulikuwa na bibi mmoja huko Arabuni, mama wa watu wenye uwezo, amepooza upande. Watoto wake walikuwa wakitaka mtu mwenye subira, awe naye mchana na usiku. Upande gani, Jemima aliuliza, bila kujua kwa nini anauliza. Wa kulia, wakala akasema.

Haya yote Jemima alimsimulia Mwanarusi uani, kwa sauti ya chini, huku wakichambua mchicha. Kanze aliyasikia kutoka kitandani. Akasikia pia mipango. Kombe, nduguye marehemu Mramba, angeleta mjukuu wake kutoka Kinango aje kukaa na mgonjwa. Alikuwa amesema wiki ijayo, na wiki ijayo yake ilikuwa imekwisha kupita. Mpaka huyo aje, Mwanarusi angechungulia adhuhuri, akishauza mahamri yake, amgeuze na kumpa chochote kilichopo.

Asubuhi ya safari Jemima alimwogesha mapema, akambadilisha, akamlaza upande mzuri, akampangia kikombe, kijiko na kopo la kujisaidia mahali mkono wa kushoto unapofika. Beseni lilikaa tupu pembeni. Hapakuwa na wakati wa kuchemsha maji ya mkono. Gari la wakala lilikuwa limekwisha kusimama barabarani, lina wasichana wengine ndani, na dereva alikuwa amepiga honi.

Jemima alikuwa amevaa baibui jipya alilopewa na wakala, nalo halikumkaa vizuri mabegani. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama," akasema. "Ukiniambia nisiende, siendi. Niambie tu."

Alijua. Alijua kuliko Absalom na kuliko Akinyi ni maneno gani yaliyobaki katika kinywa kile na ni yapi yasiyokuwamo. Alimuuliza hata hivyo, akangoja, ametazama sakafu.

Kanze akatafuta. Neno lenyewe alikuwa nalo, alilijua, dogo tu, hata mtoto mchanga wa kutambaa hulisema akinyang'anywa kitu. Akafungua midomo. Akasikia honi tena. Akakaza shingo, na mishipa ikamsimama, na kitu kikaja, kikapanda, kikafika ulimini.

"Safari njema," akasema.

Jemima akafumba macho. Kisha akataka kuinuka, asiweze. Pindo la baibui lilikuwa limeugusa mkono wa kulia, na mkono ulikuwa umelikamata, ngumi nzima, kitambaa kimekunjamana ndani yake. Wote wawili wakautazama.

"Asante, mama," Jemima akasema, akaanza kuvibandua vidole, kimoja kimoja, kuanzia kile cha mwisho.